Mfereji, Mfuo au Mkwaruzo? Kazi ya Mifereji ya Oili katika Beringi za Injini na Suala la Istilahi za Ufundi wa Magari Kigali

Ikisiri

Makala haya yanafafanua kazi ya mifereji midogo inayochongwa katika nyuso za beringi za injini, kisha yanachunguza namna Kiswahili kinavyoweza kuitaja kazi hiyo bila kumpotosha fundi. Mfereji wa oili si urembo wala dosari. Ni njia ya kuifikisha oili mahali inapohitajika, na huchongwa upande mmoja wa beringi kwa sababu maalumu. Anayeudhani kuwa mkwaruzo, au anayeuweka upande usio wake, huweza kuiua injini iliyotoka kutengenezwa. Kwa kurejelea mazingira ya Kagarama, wilayani Kicukiro, jijini Kigali, ambako Kiswahili, Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza hukutana katika kazi za ufundi, makala yanapendekeza kuwa istilahi za ufundi zijengwe juu ya kazi ya kifaa badala ya umbo lake pekee, na kwamba kila kidahizo kieleze pia kile ambacho kifaa hicho sicho.

1.0 Utangulizi

Kagarama ni miongoni mwa kata za wilaya ya Kicukiro, kusini mwa jiji la Kigali, katika eneo la vilima ambalo barabara zake hupanda na kushuka. Kwa injini, kilima si mandhari tu. Gari lililobeba mzigo linapopanda polepole, sehemu za ndani ya injini hubeba nguvu kubwa huku zikizunguka taratibu, na hali hiyo ni ngumu kwa beringi. Ndiyo maana ubora wa kazi ya fundi huonekana haraka zaidi mlimani kuliko tambarare.

Mazingira hayo ya kazi yana lugha zaidi ya moja. Kinyarwanda ndiyo lugha ya wote. Kifaransa kimeacha msamiati mpana wa ufundi: injini huitwa moteri, na fimbo inayounganisha pistoni na krenkishafti huitwa biyeli. Kiingereza kimekuwa lugha ya kufundishia tangu mabadiliko ya sera yaliyotangazwa mwaka 2008. Kiswahili, kwa upande wake, huingia pamoja na madereva wa malori yanayotoka bandari za Dar es Salaam na Mombasa, pamoja na vipuri vinavyosafirishwa kupitia njia hizo. Mwaka 2017 sheria iliifanya lugha hiyo kuwa lugha rasmi ya Rwanda, sambamba na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa.

Kwa hiyo, swali la namna Kiswahili kinavyovitaja vitu vya injini haliwahusu watunga kamusi peke yao. Linamhusu dereva anayeeleza kasoro ya gari lake mbali na nyumbani, fundi anayemsikiliza, na mwalimu anayemwandaa fundi huyo. Makala haya yanachukua kitu kimoja kidogo, yaani mfereji wa oili katika beringi, na kukitumia kupima ukubwa wa swali hilo. Sehemu ya pili inaeleza kazi ya mfereji huo. Sehemu ya tatu inapima majina yanayoweza kupewa. Sehemu ya nne inatoa mapendekezo kwa watunga sera.

2.0 Kazi ya mfereji wa oili

2.1 Chuma kinachoelea

Beringi inayozungumziwa hapa si ile ya gololi ambayo watu wengi huifahamu kutoka kwenye magurudumu. Ni ganda jembamba la chuma lililokunjwa nusu duara, ambalo ndani yake limepakwa tabaka la metali laini. Maganda mawili yakikutanishwa hufanya duara kamili linaloizunguka shingo ya krenkishafti. Ganda la juu hukaa katika bloku ya injini, na la chini hukaa katika kifuniko kinachofungwa kwa bolti. Injini nyingi za kisasa zenye silinda 4 kwa mstari huwa na beringi kuu 5 za namna hiyo, na nyingine 4 kwenye konrodi.

Injini inapofanya kazi ipasavyo, shingo ya krenkishafti hailigusi ganda. Kati yao huwa na utando wa oili. Kwa shingo yenye kipenyo cha milimita 50, nafasi inayoachwa kati ya chuma na chuma hukadiriwa kuwa milimita 0.05, sawa na unene wa unywele mwembamba wa binadamu. Mahali penye mzigo mkubwa, utando huo huweza kupungua hadi sehemu chache tu za elfu za milimita. Hata hivyo, hubeba nguvu yote inayotokana na mlipuko ndani ya silinda.

Uwezo huo hautokani na pampu ya oili peke yake. Shingo inapozunguka huiburuta oili na kuisukuma kwenye upenyo unaozidi kuwa mwembamba, na msukumo huo huzalisha shinikizo kubwa kuliko lile la pampu. Kazi ya pampu ni kuleta oili. Kazi ya kubeba mzigo hufanywa na mzunguko wenyewe. Kasi ikiongezeka, utando hunenepa. Mzigo ukiongezeka au oili ikipoteza mnato kwa joto, utando hukonda. Hapo ndipo ugumu wa kupanda kilima polepole na mzigo mzito unapoeleweka.

2.2 Ushahidi wa Beauchamp Tower

Jambo hilo halikujulikana kwa kukisia. Mwaka 1883, mhandisi Mwingereza Beauchamp Tower alitoa ripoti ya majaribio aliyoyafanya kwa niaba ya Taasisi ya Wahandisi Mitambo ya Uingereza. Alitumia beringi ya aina iliyokuwa ikitumika kwenye mabehewa ya reli, ambayo hukaa juu ya ekseli na kuugandamiza mzigo kutoka juu. Tower alitoboa tundu kileleni mwa beringi ili kutilia oili. Badala ya oili kushuka, ilipanda na kumwagika kupitia tundu hilo. Alipoliziba kwa kizibo, kizibo kilisukumwa nje. Alipofunga kipimo cha shinikizo, kilipita paundi 200 kwa inchi ya mraba, ilhali mzigo wa wastani ulikuwa takriban paundi 100. Mwaka 1886 Osborne Reynolds alitoa maelezo ya kihisabati ya tukio hilo, na nadharia yake bado ndiyo msingi wa usanifu wa beringi.

Funzo la Tower kwa mada hii ni moja: tundu au mfereji ukiwekwa mahali penye mzigo mkubwa, hauleti oili, huitoa. Shinikizo lililokuwa likiubeba mzigo hupata mlango wa kutokea, na utando huvunjika. Kwa hiyo, suala si kama beringi iwe na mfereji au isiwe nao. Suala ni mfereji uwekwe wapi.

2.3 Kwa nini ganda la juu

Katika injini ya kawaida ya gari, mlipuko huisukuma pistoni chini, na nguvu hiyo huigandamiza krenkishafti kuelekea ganda la chini. Ganda la juu hubeba mzigo mdogo zaidi. Kwa sababu hiyo, katika injini nyingi mfereji huchongwa katikati ya ganda la juu, kuifuata nusu duara yake, na ganda la chini huachwa laini. Oili hutoka kwenye njia kuu iliyomo ndani ya bloku, hupita katika tundu la ganda la juu na kuingia mferejini.

Mfereji huo hufanya kazi mbili. Kwanza, huisambaza oili kuizunguka shingo ya beringi kuu yenyewe. Pili, na hapa ndipo penye uzito zaidi, huilisha beringi ya konrodi. Beringi ya konrodi haiwezi kupata oili moja kwa moja kutoka kwenye bloku, kwa kuwa inazunguka pamoja na krenkishafti. Hupata oili kupitia njia iliyotobolewa ndani ya krenkishafti, inayoanzia kwenye shingo ya beringi kuu. Lau kama kungekuwa na tundu peke yake bila mfereji, mdomo wa njia hiyo ungekutana na tundu kwa kitambo kidogo tu katika kila mzunguko. Shingo ya milimita 50 ina mzingo wa takriban milimita 157. Matundu yenye upana wa milimita chache hukutana katika sehemu ndogo sana ya mzingo huo. Mfereji wa nusu duara huubadilisha mkutano huo mfupi kuwa wa nusu mzunguko mzima. Kwa mwendo wa mizunguko 3,000 kwa dakika, nusu hiyo ni sehemu moja ya mia ya sekunde, lakini hurudiwa mara 50 katika kila sekunde.

Mtu anaweza kuuliza: ikiwa nusu duara ni nzuri, kwa nini mfereji usizunguke duara lote? Jibu linatokana na hesabu. Mfereji uliochongwa katikati hulikata ganda kuwa beringi mbili nyembamba. Katika nadharia ya beringi fupi, uwezo wa kubeba mzigo hufuata upana uliopandishwa hadi kipeo cha tatu. Nusu ya upana hubeba thumuni ya mzigo. Nusu mbili kwa pamoja hubeba robo. Kuchonga mfereji katika ganda la chini ni sawa na kuupunguza uwezo wake hadi kufikia takriban robo, mahali hasa ambapo uwezo wote unahitajika.

2.4 Makosa mawili yenye gharama

Kutokana na maelezo hayo, kosa la kwanza la uundaji upya wa injini linaeleweka. Katika injini kadhaa, maganda ya juu na ya chini hulingana kwa ukubwa na huweza kubadilishana nafasi. Ganda laini lisilo na tundu likiwekwa juu, huziba kabisa mlango wa oili. Shingo ya beringi kuu hukauka, na konrodi inayolishwa kupitia shingo hiyo hukauka pia. Taa ya oili huenda isiwake, kwa kuwa kipimo chake husoma shinikizo la njia kuu iliyo kabla ya kizuizi. Injini huwaka, huunguruma vizuri kwa muda mfupi, kisha hugonga na kukwama.

Kosa la pili linahusu vipande bapa vinavyoizuia krenkishafti isisogee mbele na nyuma. Upande mmoja wa vipande hivyo una mifereji mifupi, na upande wa pili hauna. Nyuso mbili bapa zinazosuguana haziachi upenyo ambamo oili inaweza kuingia kwa urahisi. Mifereji hiyo ndiyo milango yake. Upande wenye mifereji hutakiwa uelekee sehemu inayozunguka, yaani krenkishafti. Ukigeuzwa kuelekea bloku, mifereji huilisha oili sehemu isiyosogea, na upande unaosuguliwa huliwa haraka.

Makosa yote mawili yana chanzo kimoja. Fundi ameliona umbo la mfereji lakini hakuelezwa kazi yake.

3.0 Kuupa mfereji jina

3.1 Majina ya kifo cha injini

Lugha hufunua kile ambacho watumiaji wake wamekiona. Nchini Tanzania mafundi husema injini imenoki. Kitenzi hicho kimetokana na sauti: mlio wa kugonga unaosikika beringi zikiharibika. Kifaransa kina usemi couler une bielle, ambao unaitaja metali laini ya beringi inayoyeyuka na kutiririka kwa joto. Usemi mmoja umeshika kwenye sikio, mwingine umeshika kwenye metali iliyoharibika. Yote miwili hutaja mwisho wa tukio, na hakuna unaotaja mwanzo wake, yaani kukosekana kwa oili.

Ichukuliwe kwamba dereva kutoka Dar es Salaam anasimama Kigali na kumwambia fundi kuwa injini imenoki. Fundi aliyelelewa katika msamiati wa Kifaransa anafikiria biyeli. Wote wawili wako sahihi, na wote wawili wanaweza kukubaliana kubadilisha beringi bila kuuliza kwa nini beringi ya kwanza ilikauka. Beringi mpya zikifungwa katika injini ambayo njia yake ya oili imeziba, zitakufa kama zilizotangulia.

3.2 Beringi na oili

Kabla ya kuupa mfereji jina, maneno mawili yanayouzunguka yanahitaji kutengwa. La kwanza ni beringi. Kifaransa hutenganisha roulement, inayozunguka kwa gololi au vigurudumu, na coussinet, ambayo ni ganda laini. Kiswahili, kama Kiingereza, hutumia neno moja kwa zote mbili. Fundi wa Kigali aliyezoea tofauti ya Kifaransa hupoteza kitu anapohamia Kiswahili, isipokuwa Kiswahili kiseme kwa uwazi beringi ya gololi na beringi ya ganda.

La pili ni mafuta. Katika Kiswahili cha kila siku, kuweka mafuta ni kujaza petroli au dizeli. Mafuta ni ya kupikia pia, na ya kujipaka. Maelezo yanayosema "hakikisha mfereji wa mafuta uko wazi" yanaweza kumpeleka mwanafunzi kwenye njia za dizeli. Mafundi wamekwisha kulitatua tatizo hilo kwa neno oili, na istilahi rasmi haina sababu ya kulikwepa.

3.3 Mfuo, mkwaruzo, ufa na mfereji

Maneno manne ya Kiswahili yanaweza kumjia mtu anayeiangalia beringi yenye mfereji. Mfuo hutaja alama ndefu iliyochongeka juu ya kitu. Ni neno sahihi kwa umbo, lakini halisemi kama alama imekusudiwa au imetokea kwa bahati mbaya. Mkwaruzo hutaja jeraha: taka ngumu zikipita katika oili huacha mikwaruzo inayoizunguka beringi, nayo hufuata mwelekeo uleule wa mfereji. Ufa hutaja mwanzo wa kuvunjika. Utamaduni wa Kiswahili wenyewe humfundisha mtu kuushuku uwazi wowote. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Katika beringi, anayeuziba uwazi uliokusudiwa ndiye atakayeijenga injini upya.

Neno la nne ni mfereji, na ndilo lenye hoja nzito. Mfereji hauchimbiki wenyewe. Unaposikika, husikika pamoja na mtu aliyeuchimba na maji yanayopita. Kwa msikilizaji wa Kigali, neno hilo si geni: Kinyarwanda kina umuferege, linalotumika kwa mitaro inayopitisha maji ya mvua pembeni mwa barabara na nyumba. Ujirani huo wa maneno ni mtaji ambao mfuo hauna.

Hata hivyo, mtaji huo una upungufu wake. Mtaro wa mvua huyaondoa maji; mfereji wa oili huyaleta. Mwanafunzi anayefikiria mtaro wa barabarani anaweza kuamini kuwa mfereji wa beringi upo ili kuitoa oili chafu. Hapa maana nyingine ya neno lilelile inasaidia. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mifereji ya Wachaga huyatoa maji kwenye vijito vya juu na kuyafikisha mashambani. Mfereji wa namna hiyo hupita upande wa juu wa shamba, na maji hushuka kutoka hapo kwenda kwenye migomba. Picha hiyo inafanana na beringi kwa karibu: njia iko upande wa juu usio na mzigo, na mazao yako chini. Mwalimu anayeanza na umuferege wa Kigali, kisha akauonyesha mfereji wa Kilimanjaro, atakuwa ameeleza kazi na mahali pake kwa pamoja.

Kwa msingi huo, makala yanapendekeza mgawanyo ufuatao: mfereji wa oili kwa njia iliyochongwa kwa makusudi, mfuo kwa umbo lolote la namna hiyo pale ambapo chanzo chake hakijajulikana, na mkwaruzo kwa alama ya uharibifu. Maneno yote matatu yamo tayari katika lugha. Kinachokosekana ni makubaliano ya kuyatenganisha.

4.0 Maana yake kwa sera

Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Ibara ya 137 ya Mkataba wa Jumuiya inataka Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano mapana. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina makao yake Zanzibar. Tanzania ina Baraza la Kiswahili la Taifa tangu 1967. Na nchini Rwanda, Inteko y'Umuco inashughulikia lugha na utamaduni. Vyuo vya ufundi vipo pia, kikiwemo kimoja katika wilaya hiyohiyo ya Kicukiro. Vyombo havikosekani. Mfano wa mfereji wa oili unaonyesha mambo manne ambayo vyombo hivyo vinaweza kuyazingatia.

Kwanza, kidahizo cha istilahi ya ufundi kieleze kazi, mahali na kinyume chake. Kwa mfano: "mfereji wa oili: njia iliyochongwa katika ganda la beringi, kwa kawaida la juu, ili kuisambaza oili, si mkwaruzo." Maelezo mafupi kama hayo huweza kuzuia kosa ambalo tafsiri ya neno kwa neno haiwezi kulizuia.

Pili, istilahi zipimwe gereji kabla ya kuidhinishwa. Kipimo chake ni chepesi: fundi apewe maganda mawili na maelezo ya Kiswahili peke yake, kisha aonekane anaweka lipi juu. Istilahi inayompa fundi nafasi sahihi imefaulu.

Tatu, orodha za Rwanda ziwe na Kinyarwanda na Kifaransa sambamba na Kiswahili. Tofauti ya roulement na coussinet, na ujirani wa umuferege na mfereji, ni maarifa yaliyopo vichwani mwa mafundi. Istilahi inayoyapuuza huanza upya bila sababu.

Nne, maneno ya mafundi yathaminiwe yanapobeba tofauti ambayo lugha rasmi imeipoteza. Oili ni mfano wa karibu. Kulisahihisha neno hilo kuwa mafuta, kwa jina la usanifu, ni kuongeza utata pale ambapo mafundi walikwisha kuuondoa.

5.0 Hitimisho

Mfereji wa oili hupeleka oili kwenye utando unaoitenga shingo na ganda, na huilisha konrodi ambayo haina njia nyingine ya kupata oili. Huchongwa upande wenye mzigo mdogo kwa sababu upande wenye mzigo unahitaji uso mzima usiokatwa. Ukweli huo mfupi ndio unaotofautisha injini itakayopanda vilima vya Kicukiro kwa miaka na ile itakayokwama siku ya kwanza baada ya kutoka gereji.

Lugha inayoutaja mfereji huo kwa umbo tu humwachia fundi akisie kazi yake, na gharama ya kukisia hulipwa na mwenye gari. Ikiwa Kiswahili kinatarajiwa kuwa lugha ya kazi katika Afrika Mashariki na si ya salamu na hotuba pekee, kinapaswa kumwezesha fundi wa Kagarama kulishika ganda la beringi mkononi na kujua, kutokana na jina lake, lifungwe wapi.